Mwalimu Kimeli Aketi Dawati la Nyuma

Mwalimu Gedion Kimeli alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka ishirini na sita katika Shule ya Msingi Tegat, huko juu ya Njoro barabara inapoanza kupanda kuelekea Mau, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akitaja jina lake mwenyewe. Si kwamba alikuwa na jambo la kuficha. Shida ilikuwa ile K. Akiifikia, taya lilikaza, shingo ikatoka mishipa, na K ikajirudiarudia mdomoni kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Kwa hiyo alijizoeza kusema tu, "Ni mimi mwalimu wa hesabu," na watu wakaridhika.

Kigugumizi alikuwa nacho tangu utotoni, kule Olenguruone. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu mmoja alimsimamisha asome aya ya Kiingereza, akaapa kwamba kijana hataketi mpaka aimalize. Aya yenyewe ilianza na jina Peter. Wenzake walicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Kengele ya mapumziko ikalia, wote wakatoka kwenda kucheza, na Gedion akabaki amesimama peke yake, ameshika kitabu, hajavuka ile P. Siku hiyo aliamua kwamba maisha yake atayapitishia mahali penye maneno machache.

Hesabu ilimpokea vizuri, maana namba zikiandikwa ubaoni hazina kigugumizi. Kimeli aliandika swali, akageuka, akamnyooshea mtoto chaki. Mtoto akijibu vibaya, mwalimu aliinua nyusi, na mtoto akajua arudi nyuma hatua moja. Akijibu vizuri, alionyeshwa kidole gumba. Watoto wa Tegat walijua hesabu kuliko watoto wa shule nyingi za pale jirani, na wazazi walisema, "Yule hana maneno mingi, lakini anafundisha."

Katika mazungumzo ya kawaida alikuwa na njia zake za panya. Akiona neno baya linakuja mbele, alikata kona kabla hajalifikia. Kuku aliwaita "hawa wa mayai." Kitabu alikiita "hiyo ya kusoma." Mtu asiyemjua angedhani ni mzee mwenye mafumbo. Mkewe, Chepkurui, ndiye pekee ambaye mbele yake hakukata kona. Yeye hakuwahi kumkamilishia neno hata siku moja. Kimeli akikwama, Chepkurui aliendelea kumenya viazi vyake mpaka neno litoke lenyewe.

Basi, wiki ya pili ya muhula, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Bwana Mathenge alikuwa mtu mwema asiye na subira, mwenye mazoea ya kuongea akiwa anatafuta kitu kingine mezani. Siku hiyo alifunga mlango kwanza, na Kimeli akajua kuna jambo.

"Mwalimu, Madam wa Kiingereza ameenda. Transfa yake imetoka, na mwingine tutangoja mpaka mwaka ujao, wameniambia wazi. Sasa Gredi ya Nne ni yako. Hesabu kama kawaida, na English."

"English i-i-ipi?"

"Yote. Lakini hasa kusoma. Wale watoto hawasomi, Mwalimu. Wameshika hadithi kwa kichwa, wanaimba tu. Ukifunika picha, hakuna mtu anajua wako ukurasa gani."

Kimeli alihisi jasho likimtoka chini ya sweta. Alitaka kusema neno moja jepesi: siwezi. Lakini alianzia mbali.

"M-m-m-mimi—"

"Mimi niko tayari," Mathenge akamkamilishia, akitabasamu. "Najua, Mwalimu. Ndio maana nimekuchagua wewe." Akatoa karatasi kutoka kwenye faili. "Lakini siwezi kukutupa kwa maji hivi hivi. Alhamisi uende Njoro, kwa ile shule iko nyuma ya soko. Kuna Madam Nyakio huko. Nasikia watoto wake wakisoma utadhani ni arusi. Kaa nyuma, uangalie, ujaze hii fomu, uniletee. Jumatatu unaanza."

Jioni hiyo Kimeli hakugusa chakula. Alimweleza mkewe, kwa kukwama na kusimama, kwamba ameamua kuandika barua ya kustaafu mapema. Umri unaruhusu, alisema. Ana ng'ombe watatu na shamba la viazi. Katika kuongea mtu anaweza kukwepa, lakini aliyeshika kitabu hana pa kukwepea. Neno lililoandikwa ni lile lile, nawe unapaswa kulisema, mbele ya watoto arobaini.

Chepkurui alisikiliza mpaka mwisho. "Andika," akasema. "Sitakuzuia. Lakini hiyo barua haina miguu. Alhamisi enda uone huyo Madam, halafu Ijumaa uandike."

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kimeli alifika Njoro juu ya bodaboda, amejifunika karatasi ya nailoni, suruali imelowa mpaka magotini. Madam Natalie Nyakio alimkuta mlangoni mwa darasa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane hivi, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake.

"Karibu sana, Mwalimu. Pole na mvua. Kaa pale nyuma karibu na Fancy, yuko na nafasi. Lakini nakuonya mapema: hapa kwetu mgeni hakai bure."

Kimeli alicheka kwa adabu, hakuelewa onyo lile. Alijikunja kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wa dawati, kando ya msichana mwembamba mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Alitoa fomu na kalamu. Nyakio akatoka nje.

Dakika moja ilipita. Watoto walikuwa wakinong'ona, wakitazama mlango. Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo, na Nyakio akaingia akichechemea. Mguu mmoja alikuwa amevaa gambuti, mwingine soksi tupu, imelowa chepechepe. Aliinama akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya kabati, akainua kitabu cha mahudhurio akatazama chini yake. Darasa lilianguka kwa kicheko.

"Madam, gambuti yako ingine iko wapi?" mtoto mmoja akauliza kwa sauti.

Nyakio aliweka mkono sikioni kama asiyesikia.

"Madam, where is your other boot?"

"Aaah!" Nyakio alisema. "That is the question."

Akafunua karatasi kubwa iliyokuwa imekunjwa ubaoni. Ilikuwa imetengenezwa kwa pakiti za unga zilizokatwa, zikageuzwa upande mweupe, zikabandikwa pamoja. Juu yake alikuwa ameandika hadithi kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kiasi kwamba Kimeli aliziona vizuri hata bila miwani. Mama Jebet amepoteza gambuti moja siku ya mvua, na anaitafuta nyumba nzima.

*Mama Jebet has one boot. One boot on, one foot wet.*

Kimeli alisoma kimoyomoyo, akaona hadithi imejaa B kama barabara ya Mau ilivyojaa mashimo. Boot, bed, behind. Alimhurumia yeyote atakayesimamishwa.

Lakini hakuna aliyesimamishwa. Nyakio alisoma kwanza yeye mwenyewe, akipita na rula chini ya kila neno, polepole, akichechemea mahali Mama Jebet anapochechemea. Mara ya pili aliwaambia watoto wasome naye kwa kunong'ona, kwa kuwa mtoto wa Mama Jebet amelala. Mara ya tatu wakasoma kama mzee aliyechoka akipanda mlima. Mara ya nne alisoma, "One goat on, one foot wet," na darasa zima likaruka likimpinga.

"No, Madam! Boot! Boot!"

"Nimesema nini?"

"Goat!"

"Nionyeshe hiyo goat iko wapi kwa karatasi."

Msichana mdogo alikimbia mbele, akaweka kidole chini ya ile B, akasema hii si G, tumbo lake liko mbele. Nyakio akapiga paji la uso kama mtu aliyeaibika. Kimeli, aliyekuwa ameshika kalamu bila kuandika, alitambua kwamba mtoto yule hakukariri. Alikuwa amesoma. Wote walikuwa wakisoma, mara nne sasa, maneno yale yale, na hakuna aliyechoka kwa sababu kila mara ilikuwa mchezo mpya.

Baadaye wakafungua vitabu vyao, walimokuwa wamenakili hadithi ile ile, wakasoma kwa mistari ya madawati, kisha wawili wawili. Mwisho kabisa Nyakio akauliza nani anataka kusoma sentensi moja peke yake. Mikono ikapanda. Akamchagua Fancy, yule yule aliyeketi kando ya Kimeli.

Fancy alisimama. "Is it," akasoma, "Is it be... be..."

Alikwama kwenye neno "behind."

Kimeli alijua kitakachofuata. Alikijua kwa miaka arobaini. Alitazama chini ili asione, na chini ya dawati vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya viatu vilivyolowa. Alingoja kicheko. Alingoja wale wajuaji wa mbele wapaaze neno ili wamalize kazi. Alisikia mvua juu ya mabati, akasikia mtoto akipenga kamasi. Akainua macho.

Hakuna aliyecheka. Watoto wote walikuwa wameweka kidole kwenye vitabu vyao, chini ya neno lile lile, wametulia. Nyakio naye alikuwa amesimama kimya, uso wake mtulivu, kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Be... hind," Fancy akasema. "Is it behind the door?"

"It is not there!" darasa likamwitikia, kama ilivyoandikwa, na hadithi ikaendelea mbele. Hakuna aliyempigia makofi, hakuna aliyempa pole. Fancy akaketi, akajikuna kiwiko.

Kimeli aliinamia fomu yake. Alijifanya anaandika.

Ndipo Nyakio akapiga makofi mawili. "Leo tuko na mgeni. Wageni wetu hufanya nini?"

"Wanasoma na sisi!"

"Mwalimu, simama tukuone. Watoto wanataka kukusalimia kwa jina. Unaitwa nani?"

Fomu ilianguka chini. Kimeli alisimama, magoti yakagonga dawati. Macho ya watoto arobaini na saba yalimgeukia. Alifikiria njia zake zote za panya, lakini swali lilikuwa la jina, na jina halina kisawe.

"N-naitwa Mwalimu K-k-k-k—"

Taya lilikaza. Alifumba macho, akaona giza lile la zamani. K ikagonga, ikagonga. Alipofumbua macho, watoto walikuwa wanamtazama kama walivyomtazama Fancy. Mmoja wa wale wajuaji wa mbele alikuwa ameegemea mkono, anangoja. Fancy alikuwa amemwinulia uso, mdomo wazi kidogo, anangoja. Madam Nyakio hakusogeza hata midomo.

"—Kimeli," akasema.

"Good morning, Mwalimu Kimeli!"

Basi. Ikaisha. Hakuna zaidi. Nyakio alikwisha kugeukia ubao, rula mkononi.

"Pamoja na Mwalimu Kimeli, kutoka mwanzo, sauti ya kawaida. One, two..."

Wakaanza. Kimeli alifungua mdomo pamoja nao, kwa kuwa hakuona namna nyingine, na sauti ikatoka. *Mama Jebet has one boot.* Alipita M, akapita B, hakugonga popote. *One boot on, one foot wet.* Alidhani ni bahati. Akanyamaza makusudi neno moja, akaingia tena katikati ya sentensi, pale pale kwenye B ya "bed," mahali ambapo siku zote angekwama kama gari kwenye tope. Hakukwama. Sauti za watoto zilikuwa zimemshika huku na huku, kama watu wanaomvusha mtu mto, na yake ilikuwa ndani yao, nzito, ya mtu mzima, inatembea.

Walipofika mahali Mama Jebet anakuta kuku ametulia ndani ya gambuti, na chini ya kuku kuna yai, Kimeli alikuwa akisoma kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Fancy alimtazama akatabasamu. Mwalimu alikuwa na machozi, akayapangusa kwa kiganja, akasingizia mafua.

Wakati wa chai, katika chumba cha walimu, Nyakio alimwekea kikombe na mandazi mawili, akavua gambuti na kuvaa viatu vyake.

"Umejaza fomu, Mwalimu?"

Kimeli aliitazama. Alikuwa ameandika tarehe tu. Akavuta pumzi, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwalimu mwenzake yeyote. Alimweleza. Ilichukua muda, chai ikapoa. Alimwambia juu ya Peter, juu ya Tegat, juu ya Jumatatu. Alimwambia kwamba leo, mara ya kwanza maishani mwake, amesoma ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti.

Nyakio hakuingilia. Kimeli alipomaliza, yeye alisugua kikombe chake kwa kidole gumba.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Dawa ya kigugumizi siijui. Singependa nikudanganye. Lakini nilisomea chuo cha Egerton, na rafiki yangu mmoja alikuwa nacho, na kwa kwaya alikuwa anaimba solo. Akiimba, ama akisoma na watu, kinapotea. Akisoma peke yake, kinarudi. Mimi najua hiyo tu."

"Na h-hii yote, ya gambuti, ulijifunza wapi?"

Alicheka. "Kwa aibu. Mwaka wa kwanza niliongea dakika thelathini na tano bila kupumua. Nikageuka, nusu ya darasa wamelala. Mmoja alikuwa anakoroma, Mwalimu! Nikalia hapo nyuma ya choo. Halafu nikasema, sasa nipunguze mdomo wangu, niongeze wao." Akammegea mandazi. "Wewe huna shida kama yangu. Wewe ulishapunguza kitambo."

Kimeli alicheka mpaka akapaliwa. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka juu ya jambo lile. Kisha akachukua kalamu, akajaza fomu yote kwa dakika kumi, mwandiko wake wa hesabu ukiwa umenyooka. Mahali palipoulizwa mapendekezo kwa mwalimu aliyetazamwa, aliandika neno moja: Aendelee.

Alirudi nyumbani mvua ikiwa imekatika. Chepkurui alikuwa zizini, akamwona akivuka lango kwa hatua ndefu.

"Ilikuwa aje?"

"N-nipe chakula kwanza."

Alikula sahani mbili za ugali na sukuma, na maziwa lala juu yake, na huku anakula anasimulia, akikwama na kuendelea, mpaka mkewe akaacha kazi zote akaketi. Akamwonyesha jinsi Nyakio alivyochechemea. Akasimama katikati ya jikoni na soksi moja. Chepkurui, mwanamke asiyecheka ovyo, alishika ubavu. Usiku ule Mwalimu Kimeli alilala kama gogo. Ijumaa ikaja ikapita, na hakuna aliyetaja barua.

Jumamosi walikata pakiti za unga. Kimeli alitaka hadithi yake mwenyewe, ya kwao, na akili yake ya hesabu ikamletea gunia la viazi lililotoboka, viazi kumi vikidondoka kimoja kimoja kutoka kwenye mkokoteni wa punda njiani kwenda sokoni. *Ten potatoes in a sack.* Alipokwisha kuandika mstari wa kwanza alitazama ile P, kubwa na nyeusi katikati ya karatasi. Angeweza kuweka karoti au vitunguu. Akaiacha.

Jumatatu asubuhi ikafika. Tusidanganyane, haikuwa arusi. Alisimama mbele ya Gredi ya Nne ya Tegat, watoto thelathini na tisa waliomzoea akiwa kimya, na jambo la kwanza aliwaambia ukweli.

"Mimi nina k-k-kigugumizi. Mnajua. Nikikwama, mnangoja. N-na nyinyi mkikwama, mimi nitangoja. Hiyo ndio sheria."

Kijana mmoja, Kihara, akatoa kicheko cha puani. Kimeli hakumkemea wala hakuinua nyusi. Alimngoja. Kicheko kikakauka chenyewe, na kijana akainamia kitabu kwa aibu. Kisha mwalimu akatoa chini ya meza gunia lenye tundu, akalitupa begani, akatembea kati ya madawati, na kiazi cha kwanza kikadondoka chini. Pu! Thelathini na tisa wakasimama kuangalia.

"How many?" akauliza.

"Nine, teacher!"

Yale mengine yalikuwa kama alivyoyaona Njoro, na mengine yalimharibikia. Kunong'ona kuligeuka kelele. Kiazi cha nne kilipigwa teke kikatoka nje. Alisoma "potatoes" peke yake mara moja kwa kusahau, akagonga mwamba, akakaa hapo muda mrefu. Aliona vidole vya watoto vikihangaika juu ya madawati, hawajazoea kungoja. Mmoja akafungua mdomo kumsaidia, mwenzake akampiga kiwiko. Neno likatoka. Wakaendelea. Walipofika mwisho, gunia tupu, Jepkoech wa dawati la tatu, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuinua mkono kwa Kiingereza, aliomba asome ule mstari wa mwisho.

Kimeli alitoka darasani akiwa amelowa jasho kama aliyelima ekari. Alipita ukutani, akaegemea, akavuta hewa ya baridi ya Mau mpaka ikafika tumboni. Alikuwa ameifanya kazi ile. Kesho angeifanya tena, na keshokutwa, na haikumuogopesha.

Wiki ya tano, Bwana Mathenge alisikia kelele, akaja mbio kutoka ofisini akidhani darasa linapigana. Alipofungua mlango, Kihara alimpa nafasi kwenye dawati na kumwambia kwa heshima kwamba wageni husoma. Mwalimu mkuu, mtu wa haraka, alisoma akawaacha wenzake nyuma, na msichana mmoja akamgusa mkono: "Mwalimu Mkuu, pole pole, tuko kwa 'sack'." Mathenge akarudi kwenye "sack." Baadaye alimwambia Kimeli, "Kumbe una sauti hivi! Miaka hii yote ulikuwa umeificha wapi?"

Muhula ulipokaribia kuisha, alihesabu kama alivyozoea kuhesabu. Mwanzoni, kumi na wanne kati ya thelathini na tisa hawakuweza kusoma mstari mmoja wa Kiingereza wakifunikiwa picha. Sasa walibaki watatu. Watatu hao hakuwaacha. Saa saba, githeri ikiwa bado inachemka kwenye sufuria kubwa za jikoni, aliwaita kwenye benchi nje ya darasa, juani, akaketi katikati yao. Alifungua kitabu juu ya magoti, akaweka kidole chake kinene chini ya neno la kwanza, nao wakaweka vyao juu ya chake.

"P-pamoja," akasema, na wote wanne wakaanza kusoma.